Likizo ya Miguu Mpaka Kwa Mama Mkwe

Binti yetu wa mwisho, anayefanya kazi Kampala, ndiye aliyetuletea habari kwamba kuna watu wanaolipa hela ili watembee kwa miguu. Si kwamba gari limewaharibikia. Wanachukua likizo, wanavaa viatu vya kamba, wanabeba mifuko mgongoni kama watu waliofukuzwa nyumba, wanatembea kutwa nzima, na jioni wanasifiana kwa kuchoka. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Basi mimi niko likizo tangu nizaliwe," akasema.

Mimi nilikuwa dereva wa trela. Miguu yangu kazi yake ilikuwa breki na klachi. Nimefika Mombasa, nimefika Kigali, nimelala foleni ya mpakani hapa Busia mpaka nikajua majina ya mbwa wote, lakini kutoka hapa kwenda Kirewa, kwao mke wangu, kwa njia za ndani, zile za mbuzi na wanawake, sikuwahi kupita. Utingo wangu mmoja alikuwa akisema dereva akifa azikwe amekaa, akilazwa hatapata usingizi. Utingo huyo mwenyewe sasa ana duka la magodoro na simulizi yake ni ndefu. Tuiache.

Nisiwafiche, ile likizo ilikuwa kisingizio. Mama mkwe wangu anaishi Kirewa peke yake, mzee sana, na mvua ikiezua paa usiku hakuna wa kumwita. Mke wangu alitaka aje tukae naye. Nilikuwa nimeshamjengea chumba nyuma ya nyumba yetu, matofali ya kuchoma, mabati mapya. Lakini mama akisikia mlio wa gari tu, anajua wamekuja kumchukua. Anafunga mlango na kwenda kukaa kwenye mihogo mpaka gari liondoke. Mpwa wake alikwenda mara mbili, na mara zote mbili akaongea na kuku.

Na sababu ya kukataa, kila alipoulizwa, ilikuwa mimi. Kwao, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani. Mkikutana njiani, unaiacha njia, unaingia kichakani, unageuza uso mpaka apite. Sasa mjini, alisema, watu wanaoishi kama mahindi kwenye gunia, atajificha wapi? Mimi ni Mwislamu wa mjini, wazee wangu walikuja na biashara kutoka kila upande, lakini desturi hii nimeishika kuliko vijana wa Kirewa wenyewe. Mama mkwe nimewahi kumwona mgongo tu, siku ya ndoa. Ni mgongo mzuri, umenyooka.

"Tukienda kwa miguu hatatusikia," mke wangu akasema.

"Na mimi naenda kufanya nini? Si siruhusiwi hata kumwona?"

"Wewe uko likizo."

Tukaondoka asubuhi, mimi na viatu vya kamba alivyoninunulia binti, mke wangu na ndala zake.

Raha ya kwanza ya likizo ya kutembea ni kwamba hakuna anayekuruhusu utembee. Hatujamaliza kijiji cha Masaba, kila boda boda amesimama. Mmoja alikataa kabisa kutuacha.

"Panda, muzee. Na mama apande nyuma yako. Utalipa siku ingine."

"Hela ninayo. Tunatembea tu."

"Munakwenda wapi?"

"Kirewa."

Akazima pikipiki. Akamgeukia mke wangu, akauliza kwa sauti ya msibani, "Mama, huyu imemuanza lini?"

"Juzi," mke wangu akajibu, akaendelea kutembea.

Raha ya pili ni kufahamiana na watu. Mbele kidogo mama mmoja alikuwa akifua nje ya nyumba yake. Alipotuona, wazee wawili, nguo safi, mfuko mmoja, miguu imejaa vumbi, akaacha nguo kwenye beseni, akashika kichwa.

"Ni nani?" akauliza.

"Hakuna mtu, dada," mke wangu akamwambia. "Tunapita tu."

"Usinifiche. Watu wazima hawapiti tu."

Ikabidi ataje ndugu zake wote, mmoja mmoja, na sisi tuseme hatujasikia lolote kuhusu huyo. Walipokwisha na maiti akakosekana, akatupa uji kwa shukrani. Tuliondoka jua limekuwa kali, na mimi kisigino kimeanza malengelenge. Nilikuwa nimeambiwa kutembea kunaondoa mawazo. Ni kweli. Niliwaza kisigino tu.

Lakini nikubali jambo moja. Kwenye lori nilikuwa naona nchi kupitia kioo, na kioo hakina harufu. Sikujua wimbi, huu ulezi wetu, likikatwa linanukia hivyo. Sikujua mke wangu anaimba akitembea, kwa sauti ndogo, wimbo uleule, na akiona mtu anaacha. Miaka yote hiyo nyumbani sikuwahi kuusikia. Nilimwuliza ni wimbo gani, akasema wimbo gani, na huo ukawa mwisho wake safari hiyo.

Tulilala Mulanda kwa binamu yake. Akatuchinjia kuku, yaani kisu alinipa mimi kwa sababu ya dini yangu, tukala na ugali wa wimbi.

"Shemeji, gari uliuza?" akaniuliza.

"Sikuuza. Niko likizo."

"Likizo ya nini? Si ulistaafu?"

"Nilistaafu."

Akatafuna kwanza. "Kumbe unapumzika kupumzika."

Asubuhi tukashika njia ya Kirewa. Mpango ulikuwa nibaki madukani ninywe chai, mke wangu aende nyumbani kwao akamwombe mama peke yake. Kabla ya kufika kuna bonde la majimaji lililolimwa mpunga, na njia inapita juu ya tuta jembamba linalomtosha mtu mmoja. Tulikuwa katikati mke wangu aliposimama ghafla, nikamgonga.

"Ni Mama," akasema.

Bibi mmoja alikuwa anakuja kutoka ng'ambo, kapu kichwani, amenyooka kama mlingoti. Nikatafuta kichaka. Kulia maji, kushoto maji. Basi nikaingia majini, mpaka magotini, viatu vya kamba na vyote, nikageuza uso kuyatazama mafunjo.

Nyuma yangu wakasalimiana kwa lugha yao, ambayo naisikia vizuri ingawa naiongea kama mtoto. Salamu zikaenda mpaka zikaisha.

"Huyo aliye majini ni nani?"

"Ni mkweo, Mama."

"Ameanguka?"

"Ameingia mwenyewe."

"Muulize kama kuna samaki."

Mke wangu hakucheka. Alimwambia palepale yote aliyokuja nayo: kwamba halali akiwaza, kwamba chumba kipo, kwamba anaomba. Sauti ilimkatika mara moja.

"Mlango wa hicho chumba unatazama wapi?" mama akauliza.

"Nyuma, Mama. Wetu unatazama barabarani."

"Na choo?"

Mimi niliyejua kila mzani wa barabara mpaka Mombasa, choo sikukifikiria. Kilikuwa kimoja, mbele ya mlango wake kabisa. Kila alfajiri ningempitia usoni na birika mkononi.

"Mwambie mama," nikayaambia mafunjo, "nitachimba kingine upande wetu."

"Mwambie achimbe kwanza. Akimaliza mje hivihivi kwa miguu. Gari likija, mimi sipo."

Mke wangu akashuka majini kumpisha, mama akapita. Nilisikia ndala zake zikienda Mulanda, alikokuwa anapeleka wimbi kusaga.

Nilichimba. Yaani nilichimba mpaka kiunoni, kutoka hapo wakachimba vijana, na mke wangu akamwambia mama kwenye simu kwamba nimechimba mimi. Kisha tukarudi Kirewa, likizo ya pili, na safari hii mama alikuwa amefunga mzigo wake.

Nikatembea mbele, wao nyuma, na sikuruhusiwa kugeuka. Nilijua wapo kwa sauti zao tu. Walizungumza, wakacheka, halafu wakaanza ule wimbo wote wawili. Tulipokaribia Masaba, sauti zikakatika.

Nikasimama. Sikusikia ndala, sikusikia kitu. Kama mama ameamua kurudi kwake, mke wangu atakuwa amemfuata, na mimi nimesimama peke yangu nikitazama mahindi ya watu. Nilikaa hivyo muda mrefu, shingo inaniuma kwa kukataa kugeuka.

"Mama watoto," nikasema mwishowe, "bado tuko pamoja?"

Ikajibu sauti ya mama mkwe, karibu kabisa na mgongo wangu.

"Mwambie asogee. Anatuzibia njia."