Gari la Daktari

Kamati yetu ya maadili ya utafiti haikuwa na gari. Kwa hiyo kila tulipokwenda kuwaona wagonjwa waliokuwa wakijaribiwa dawa mpya hapa mjini Mahajanga, tulipanda gari la daktari yuleyule tuliyekuwa tukimkagua. Wenzangu waliita huo ukarimu. Ukarimu gani huo!

Siku moja tuliingia nyumba ya mama mmoja mjane, mtaa wa Mahabibo. Sebuleni, mbele ya daktari, alijibu kila swali kwamba hajambo, dawa inamfaa. Kisha akaniita jikoni nimsaidie kumimina chai, maana huko wanaume wageni hawaingii. Akaninong'oneza kwa Kikomoro:

“Dada, dawa hii inanitetemesha mwili mzima. Nataka kutoka kwenye majaribio. Lakini nikitoka, mwanangu atatibiwa na nani? Daktari wake ni huyohuyo.”

Nilimwambia ana haki ya kutoka, na matibabu ya mtoto hayataguswa. Akatazama pazia la mlango, akanikabidhi sinia.

Njiani daktari akaniuliza kama nimeridhika. Ningesema neno lolote, angejua limetoka nyumba gani. Nikabaki nimebanwa kati ya wenzangu kwenye kiti cha nyuma, mpaka tukafika mtaa wa Tsaramandroso.

Wiki iliyofuata nilirudi peke yangu kwa posposi, kile kigari cha kuvutwa na mtu. Mama alipofungua mlango hakunitazama mimi. Alitazama barabara nyuma yangu, huku na huku. Hakuona gari.

“Leo,” akasema, “tukae sebuleni.”