Mamia ya Radi za Remei

Kijijini kwetu, nje kidogo ya Valencia, radi ni nyingi. Mtu asiyeficha neno tunamwita radi. Kahawa kali ni radi. Ndoa ikivunjika ghafla, tunasema kwa fulani imepiga radi. Lakini radi hasa, ile inayotutoa machozi, ni fataki ya baruti iliyofungwa kwa karatasi. Tunazitundika kambani kwa mamia na kuzilipua saa nane mchana, jua kali. Mwanga wa nini? Tunataka mshindo wake utupige kifuani.

Remei Monrabal alizaliwa katika karakana ya radi hizo. Baba yake, fundi wetu, alipofariki, kamati ya sherehe yetu ya kila Machi ilimpa mwaka mmoja tu wa kujaribu. Desturi yetu ni kwamba mlipuko ukitukuna, tunaruka uzio na kumfuata fundi humo humo moshini. Mwaka huo tusingeruka, kazi wangepewa mafundi wa mjini, na karakana ya kina Monrabal ingefungwa.

Mwenyekiti wa kamati, Ximo, alimkuta akichovya kila radi kwenye nta.

"Dada Remei, unatengeneza radi au mishumaa ya kanisa?"

"Vyote. Wewe endelea kutengeneza maneno."

Nami nilikuwapo, nikacheka na Ximo. Naona aibu mpaka leo.

Siku yenyewe, saa saba na nusu, mvua ikamwagika. Ilipokatika, kamba zote uwanjani zilikuwa zikichuruzika maji.

"Tuahirishe, dada," Ximo akasema. "Utaumbuka bure."

"Zangu zimevaa makoti ya nta. Sogea."

Saa nane malkia wa sherehe, binti tunayemchagua kila mwaka, akatokea kibarazani. Miaka yote maneno ya malkia ni yale yale: bwana fundi, unaweza kuanza. Binti wa watu akamtazama Remei.

"Bi fundi," akasema, "unaweza kuanza."

Wazee wawili nyuma yangu wakaguna. Remei akawasha utambi.

Zilianza moja moja, kama anatusalimia kwa majina. Kisha mbili mbili, kisha hazikuhesabika tena, na hakuna hata moja iliyozimika. Mwishoni zile zilizopangwa ardhini zililipuka zote kwa pamoja. Ardhi ikatikisika, kioo cha duka langu la mikate kikapasuka, na mimi mwenye kioo nikapiga makofi.

Moshi ukafunika uwanja. Baadaye Remei aliniambia kwamba moshi ulimziba macho na masikio yalikuwa yakivuma, hakumwona wala kumsikia mtu. Akaamini tumekwenda zetu. Akakaa chini kwenye matope, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akamlilia baba yake.

Ndipo tulipomfikia. Uzio tulikuwa tumeulaza chini, kijiji kizima, wale wazee waliokuwa wakiguna wakiwa mbele yangu. Tukamnyanyua juu kabla hajajifuta machozi.

"Niwekeni chini, jamani, viatu vyangu vimejaa matope. Namchafua huyu."

Bega alilokanyaga lilikuwa la Ximo, aliyevaa koti lake jeusi la sherehe.

"Nichafue tu," akasema Ximo.