Baba yangu, fuko wa kwenye gemu, na mashimo aliyokuwa anayafunga

Wakuu, nawasalimu kutoka Goma, mtaa wa Ndosho, kandokando ya barabara ya kwenda Sake.

Hii siyo chai. Aliyehusika ni baba yangu mzazi, na sina faida yoyote ya kumwongezea chumvi. Uzi ni mrefu kidogo, nivumilieni.

Wiki hii kuna uzi humu ndani watu wanataja panya wao wa kukumbukwa kwenye magemu. Nimeusoma wote. Kuna aliyemtaja panya mwenye upanga, mwingine kindi anayerusha karanga, mwingine buku wa kwenye mitaro anayekurukia gizani mpaka unaangusha maneti (huku kwetu pedi ya kuchezea gemu tunaiita maneti). Mmoja akaweka sungura, mkamshambulia kwamba sungura si jamii ya panya. Nilicheka mpaka mteja akaniuliza kuna nini.

Wangu mimi ni fuko.

Niliandika komenti, nikafuta, nikaandika tena. Nikaona mambo yenyewe hayaenei kwenye komenti.

Kwanza mnijue. Mimi ni mama wa watoto wawili na nina chumba cha gemu. Najua kuna watakaoniita kaka hata baada ya kusoma hapa, nimeshazoea. Nina tivi mbili, konsoli mbili, mabenchi, na jenereta yenye kelele kuliko wateja. Wengi wanaokuja ni watu wazima, hasa motari, yaani bodaboda wa huku. Wanacheza mpira wakisubiri abiria, wanatukanana kidogo, wanaondoka.

Baba yangu ni mkulima na mfugaji wa Masisi. Alikuja kwangu vita vilipofika kwenye vilima vyetu. Mama alishatangulia miaka mingi. Mzee alifika na koti lake, Biblia, na fimbo ya kuchungia.

Ng'ombe aliwaacha na Bahati.

Bahati ni mtu mzima, amechunga ng'ombe wa baba tangu mimi nasoma shule ya msingi. Kwetu tunamhesabu ndugu. Siku ya kukimbia walikubaliana kwamba barabarani ng'ombe wataporwa tu, kwa hiyo Bahati awapitishe nyuma ya kilima, juu kwenye msitu, akae nao huko mpaka mambo yatulie. Halafu amfuate baba Goma, warudi pamoja.

Tangu siku hiyo baba akawa anamngoja Bahati. Simu ya Bahati haikupatikana tena.

Sasa kwa msioijua Goma: tunaishi juu ya mawe ya volkano. Meusi, makali, yanakula viatu. Mbele ya mlango wangu hata mchicha haushiki. Baba alikuwa anatoka asubuhi, anaangalia chini, anarudi ndani. Hakumlaumu mtu. Alikula kidogo, akakaa kwenye kiti, basi.

Siku moja alitoka bila kuaga, tukamtafuta mchana kutwa. Tulimkuta barabara ya Kibati, amesimama pembeni, anaangalia ng'ombe wa watu wakila majani. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Aliniambia tu kwamba yule wa mwisho anachechemea na mwenyewe hajaona.

Kila wiki tulikuwa na ugomvi uleule.

"Mama," ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake, "Bahati akifika tu, mi narudi naye."

"Papa, kule hakuna amani bado."

"Ngombe zangu ziko kule."

Anakuwa amemaliza. Mimi nilichotaka kilikuwa kimoja: abaki Goma, azeeke mbele ya macho yangu. Wangapi wamerudi vijijini kuangalia mali zao na hatukuwaona tena? Kila mtu wa huku anaye wake wa kumtaja.

Tuje kwenye gemu.

Ilikuwa ndani ya rundo la CD aliloniachia mteja mmoja aliyehama mji. Hakuna aliyeitaka. Ni fuko anachimba chini ya mashamba ya milimani, anatafuta mizizi ya kuwapelekea watoto wake, na juu ya skrini kuna saa inayorudi nyuma. Saa ikiisha hujafika, unaanza upya.

Kwa wasiomjua, fuko wetu wa milimani ni jamii ya panya, mnene, macho madogo, meno ya mbele marefu. Anaishi chini ya udongo na anausukuma juu. Wakulima wanamtega maana akiingia kwenye viazi hakuachii kitu.

Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, wateja hakuna, nikaiweka nione kama inafanya kazi. Baba akaingia kujikinga. Akasimama nyuma yangu muda mrefu.

"Huyu mi namujua," akasema.

Nikageuka. Mzee anatabasamu. Jamani, nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo pale mbele.

Akavuta benchi, akakaa. Akataka kujua nani aliyemchora, maana ni mtu aliyewahi kumwona fuko kweli, ila mkia kauongeza. Akaniomba maneti. Vidole vilivyozoea jembe vilihangaika sana na vile vibatani, lakini hakukata tamaa. Fuko akigonga mwamba, baba anampa pole. Mnyama aliyemtega maisha yake yote, leo anampa pole!

Alirudi kesho yake. Na kesho kutwa.

Shida ikawa mashimo.

Kwenye ile gemu fuko akipanda juu kuvuta hewa anaacha shimo. Hakuna anayejali, unachimba unakwenda. Kuna kibatani cha kushindilia udongo, kimewekwa kwa ajili ya sehemu moja tu ambapo maji yanaingia. Baba alikigundua, na kuanzia hapo akawa anarudi kufunga kila shimo aliloacha. Kila shimo, wakuu. Anashindilia, anasogea, anaangalia, anarudi kushindilia tena. Saa inaisha. Anaanza upya bila kinyongo.

Shamba la kwanza lilimshinda kabisa. Siku zote hizo hakulivuka.

Kuna motari mmoja mteja wangu wa kila siku, Jospin, mtu wa utani sana. Alivumilia siku kadhaa, kisha uzalendo ukamshinda.

"Muzee, hii iko na saa. Achana na matundu, kimbia."

"Na ngombe?"

"Ngombe gani, Muzee? Humu hamuna ngombe."

"Hauzioni sababu ziko nyuma ya kile kilima," baba akamwonyesha kilima kilichochorwa kule mwisho wa skrini. "Mangaribi zitapita hapa. Ikiweka muguu ndani ya tundu, itavunjika."

Chumba kizima kikacheka. Na yeye akacheka. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia mafuta ya jenereta.

Niwaeleze kidogo. Kwetu shimo la fuko haliachwi wazi kwenye njia ya ng'ombe. Ng'ombe akivunjika mguu hakuna hospitali, ni kisu. Kwa hiyo mwenye shamba anapita jioni kabla kundi halijarudi, anakanyaga kila tundu kwa kisigino. Baba alifanya hivyo tangu akiwa mdogo, na mimi nilipita nyuma yake nikimwigiza. Hakuwa anacheza vibaya. Alikuwa anamfungulia njia Bahati.

Siku zikaenda. Mzee akaanza kula. Akaanza kuwahi kuja kabla ya wateja. Motari wakamwita Muzee Fuko, naye akaitika. Wakati wa kugombana na mimi kuhusu kurudi, sauti yake ilikuwa na nguvu mpaka majirani wanasikia. Nilichoka na ule ugomvi, lakini nilimshukuru Mungu kwa ile sauti.

Akawafundisha hata salamu. Kwetu watu wa ng'ombe tunasalimiana kwa kuombeana makundi. Mmoja anasema "amashyo", yaani upate ng'ombe wengi, na mwenzake anaitika "amashongore", yaani nao wawe majike. Jospin akawa kila akiegesha pikipiki anapaza, "Muzee, amashyo!" na baba anaitika akiwa hajatoa macho kwenye skrini.

Halafu Bahati akafika.

Ilikuwa mchana wa jua kali. Nilikuwa mlangoni, baba amekaa kwenye kiti chake kando ya ukuta. Nikaona mtu anakuja polepole, amekonda, miguu imevimba. Nilimjua kwa mwendo. Baba alimjua kabla yangu, maana tayari alikuwa amesimama.

Baba akatoa salamu. "Amashyo."

Bahati hakuitika.

Alisimama pale na fimbo yake mkononi, akaangalia chini. Sijui kama nitaweza kuwaelezea ninyi ambao si watu wa ng'ombe. Ile salamu haikosi jibu. Hata mtu asiye na ng'ombe hata mmoja anaitika, kwa sababu ni dua. Aliyetoka kuwazika wote ndiye anayeweza kushindwa kuitika.

Baba akakaa.

"Mama," akaniambia, "mupatie kwanza chakula. Ametoka mbali."

Bahati alikula huku analia. Alipomaliza ndipo akasema. Watu wenye bunduki waliwakuta kulekule nyuma ya kilima. Waliwaswaga wote. Bihogo, yule ng'ombe mwekundu mzee aliyekuwa anaongoza kundi, aligoma kutembea. Wakampiga risasi palepale, wakamla. Bahati walimfunga kamba siku nzima, halafu wakamwacha.

Baba alimwambia Bahati asante kwa kuwa hai. Akamwombea, wakasema amina.

Kesho yake asubuhi alikuja kwenye gemu kama kawaida. Nikafurahi moyoni, nikasema labda itamsaidia. Jospin na wenzake walikuwepo, hawakujua lolote kuhusu Bahati. Sikuwa nimemwambia mtu.

Baba akashika maneti. Fuko akachimba, akapanda juu, akaacha shimo, akaendelea. Akapanda tena, akaacha jingine. Vidole havikuhangaika hata kidogo. Nikaona anajua kucheza vizuri sana, kumbe alijua siku zote. Akavuka shamba zima na muda bado umebaki mwingi.

Skrini ikapiga muziki. Watoto wa fuko wakatoka kurukaruka. Chumba kikalipuka kwa makofi, wengine wakapanda juu ya mabenchi.

"Muzee Fuko!" Jospin anapiga kelele. "Leo haukufunga tundu hata moja!"

"Ngombe gani itavunjika muguu, Jospin?"

Alisema kwa upole, kama mtu anayejibu swali la kawaida. Akaweka maneti kwenye benchi, akachukua koti lake, akatoka. Makofi yalikuwa bado yanaendelea. Kwenye skrini leveli ya pili ilikuwa imefunguka, shamba jipya la kijani. Hakuliangalia.

Nililia mbele ya wateja wangu. Jospin alipoelezwa, alikaa chini sakafuni na helmeti yake mapajani.

Baba hajaingia tena kwenye kile chumba.

Yupo, mnisamehe niliowatisha. Anaamka, anakwenda kanisani, anakula akiwekewa. Bahati tunaishi naye, amepata kazi ya kubeba mizigo. Kuna siku Jospin alimsalimia baba kwa amashyo, taratibu, kwa heshima yote. Baba akamjibu, "Bonjour."

Na hajawahi tena kuniambia kwamba atarudi Masisi. Nilitaka abaki Goma, na amebaki. Nikipika jioni nakaa nasikiliza kama ataanza ule ugomvi wetu. Ningempa nafasi agombane nami mpaka asubuhi.

Nilichojifunza ni hiki. Ukimwona mtu mzima anafanya kitu kwa namna yake ya ajabu, anachelewa, anarudia, hata kama ni gemu tu, usiwe na haraka ya kumwonyesha njia ya mkato. Muulize kwanza anamfanyia nani. Na siku akikimbia kama wengine, kabla hujapiga makofi, mwangalie usoni.

Sasa naomba mawazo yenu, hasa mliolelewa na wafugaji.

Mume wangu anasema tujikaze tumtafutie ndama, hata mmoja, tumweke kwa watu wanaofuga kule Kibati, mzee awe anakwenda kumwona. Bahati anasema ni wazo zuri na yuko tayari kumchunga. Mimi ndiye ninayesita. Kule nako si mbali na vita, na baba hana nguvu ya kupokea habari kama ile mara ya pili.

Lakini nikimwangalia pale kwenye kiti naona kwamba asiye na cha kupoteza anakuwa hivyo, hana tena anachokingoja.

Ungekuwa mimi, ungemletea?