Habari ya Magu na Vidole vya Salvatori

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhariri Mkuu hakunionyesha hata kiti. Alinipa gazeti la washindani wetu, akasema, "Soma ukurasa wa mbele, uniambie kwa nini hili limeisha mitaani na letu limerudi."

Ilikuwa miaka ya tisini, magazeti ya watu binafsi yalipoanza kuchipuka. Letu lilitoka Mwanza mara moja kwa wiki. Nilipangiwa habari za polisi na mahakama. Aliyenifundisha kazi ni Mhariri wa Habari, mama mmoja mkali aliyetoka redioni. "Mtuhumiwa ni mtuhumiwa," alinisisitizia, "mpaka hakimu aseme vingine." Lakini kichwa cha habari, yale maandishi makubwa ya juu, alikiandika Mhariri Mkuu peke yake.

Majambazi wakavamia mashine ya kukoboa mpunga Magu, wakamjeruhi mlinzi. Nilikwenda. Mlinzi aliniambia, "Walifunika nyuso, ila waliongea Kisukuma kama changu." Nikaandika hivyo hivyo.

Gazeti likatoka: WAKIMBIZI WAVAMIA MAGU. Chini yake, jina langu. Ile sentensi ya mlinzi kuhusu Kisukuma imekatwa.

Nikaingia ofisini kwake bila kubisha hodi. "Mzee, wakimbizi wametoka wapi?"

"Ukiandika watu wasiojulikana, nani atanunua? Kila mtu anajua wamevuka mpaka na bunduki."

"Nani kasema?"

"Watu."

Watu! Polisi hawakusema, mlinzi hakusema. Wauza magazeti walikuwa wanakitangaza kichwa kile stendi ya Nyegezi, na watu waliokuwa hawajui wakawa sasa wanajua.

Salvatori alikuwa fundi cherehani, Mrundi, aliyeishi Ilemela tangu ujana wake, miaka mingi kabla ya vita vilivyoleta wakimbizi wa wakati ule. Sare za shule za wanangu alizishona yeye. Jumapili, mchana kweupe, majirani walimtoa nje wakampiga. Aliyetangulia ni mama ambaye gauni la harusi la binti yake lilikuwa bado chini ya sindano ya Salvatori. Mwingine alishika gazeti letu mkononi.

Nilimkuta hospitali, vidole vya mkono wa kulia vimevunjwa.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. "Lile jina gazetini ni la kwako?"

"Ni langu. Ila maneno ya juu siyo yangu. Ukisoma chini..."

"Walionipiga waliishia juu," alisema, akageukia ukutani.

Baada ya wiki kadhaa polisi wakakamata watu watatu, wote wazaliwa wa Magu. Niliandika ukurasa mzima, na Salvatori nikamtaja. Zikachapwa sentensi tatu, ndani, chini ya tangazo la magodoro: Watatu Kortini kwa Ujambazi. Walikotoka hakukutajwa.

Niligonga meza ya Mhariri Mkuu mpaka chai ikamwagika. "Waandike wa hapa, kama ulivyowaandika wa kule! Na tumwombe radhi yule fundi!"

Akafuta chai taratibu. "Kabila la mtu siyo habari," akanijibu.

Mhariri wa Habari aliacha kazi wiki ile ile. Mimi nilibaki karibu mwaka mzima, na hilo sijisamehei. Salvatori na mkewe walihama Ilemela. Nilipouliza wameelekea wapi, majirani wale wale wakaniambia, "Si wamerudi kwao?" Kwao kupi, wakati kwao palikuwa pale?

Baadaye nilihamia gazeti jingine, nikapanda mpaka nikawa Mhariri wa Habari mwenyewe. Kila nilipokuta "raia wa kigeni" bila ushahidi nilikata, na vijana wakaniita mkorofi. Niwe tu. Leo hii nawasoma waandishi wenzangu kwenye simu wakifanya yale yale, na damu inanichemka.

Siku ya kustaafu waliniandalia sherehe. Mkurugenzi akasimama kunisifu: miaka yote hiyo, hakuna mtu aliyewahi kunishtaki kwa habari niliyoandika. Ukumbi ukapiga makofi. Ni kweli, sikushtakiwa. Salvatori hakujua kwamba angeweza kushtaki, na mimi niliyejua, niliyekwenda mahakamani kila siku, sikumwambia.