Mama Chini ya Farasi

Kwa miaka arobaini, mgeni aliyekanyaga nyumba ya Levi pale Kitale alipewa albamu kabla ya chai. Kwingine mgeni hupewa albamu apitishe wakati maji yakichemka. Kwa Levi chai ndiyo iliyongoja albamu. Karani huyo mstaafu alikuwa nazo tano, zimejaa kila takataka: stempu, kadi za Krismasi za watu asiowajua, picha za kalenda za majumba ya Ulaya, na sahihi za wakubwa wa serikali walioombwa waandike "maneno mawili tu". Hata mkubwa akikosea jina lake, Levi alichekelea vivyo hivyo.

Mkewe, Phelista, aliyasikia maelezo ya kurasa hizo mpaka yakamtoka puani. Na albamu ya kwanza hata haikuwa ya Levi. Mzungu mmoja mchoraji, alipouza shamba lake nje ya mji, alimwachia mama yake Phelista, aliyekuwa mfanyakazi wake wa nyumba. Ndani alikuwa amemchora mama huyo akichambua maharagwe. Mama alifariki bila kupigwa picha hata moja. Phelista aliolewa nayo, na Levi akaitwaa bila haya.

Mwaka huu mdogo wake Phelista, Eliakim, aliamua kulijengea saruji kaburi la mama kule Misikhu na kufanya ibada ya ukumbusho. Siku hizi marehemu hakumbukwi bila bango lenye uso wake. Mama alipofariki, Eliakim alikuwa bado ananyonya.

"Dada, tafuta hiyo mchoro," alisema kwa simu. "Hata mimi nimwone."

Phelista alifungua ukurasa. Mahali pa mama alisimama farasi mweupe wa kalenda.

"Baba Fridah, mama yangu yuko wapi?" alimuuliza mumewe.

"Ile ya penseli? Nilifunika, bana. Haikuwa na rangi. Na hiyo farasi, si unaona Bwana DC alisaini?"

Levi alikuwa amemgandisha farasi huyo kwa uji mzito wa mahindi, maana ubahili ulimzuia kununua gundi ya dukani. Phelista aliushika ukurasa juu ya mvuke wa sufuria, akavuta polepole. Farasi akabanduka, na penseli ikabanduka naye. Kwenye albamu ilibaki mikono na maharagwe. Phelista aliona mama amezikwa mara ya pili, na mzikaji ndiye huyu bwege aliyesimama mlangoni akililia sahihi.

Kisha akamgeuza farasi. Mgongoni, kwenye uji mkavu, uso wa mama ulikuwa mzima, umefifia, unatazama upande mwingine.

"Rudisha farasi yangu, Mama Fridah!"

"Farasi gani? Wewe hata punda hujawahi kuwa naye!"

Akabeba karatasi zote mbili hadi Bungoma. Joy, mchapishaji wa mabango, akaugeuza uso kwa kompyuta na kuuunganisha na mikono.

Siku ya ibada Levi alijipachika kando ya bango, akimwambia kila mtu limetoka kwa albamu yake. Eliakim alikuja na mvi zake, akasimama mbele ya uso ule.

"Dada, mbona ni msichana?"

"Hapo alikuwa na miaka ishirini na minne. Alifariki mwaka huohuo."

Eliakim akavua kofia. Binti yake wa mwisho alikuwa mkubwa kuliko huyo. Miaka hamsini alikuwa amejihurumia kwa kukosa mama. Sasa, kwa mara ya kwanza, akamlilia mama mwenyewe.