Faili la Wiki ya Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuruga skrini kabla hata sijaonyeshwa choo kilipo. Ofisi ilikuwa Kinondoni, juu ya duka la vitanda, na kampuni yetu ilitunza dawa kwenye maghala ya baridi. Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta, mzee wa Bukoba mpole kupita kiasi, alinikalisha mbele ya lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaniambia nisome logi ya mwezi uliopita. Logi ni daftari ambalo mashine hujiandikia yenyewe: saa fulani mlango umefunguliwa, saa fulani joto limepanda. Mie nikaandika cat, amri ya kutoa maandishi kwenye skrini, nikataja jina la faili, nikabonyeza. Weee! Zikamwagika alama za ajabu, mashine ikalia ti-ti-ti, na kila nilichoandika baada ya hapo kikatoka kama hirizi. Nikajua kazi imeota mbawa.

"Mwanahawa, hujaua kitu," mkuu akasema, anacheka mpaka miwani inateleza. "Jina la faili si linaishia na gz? Basi limebanwa. Umelisoma likiwa bado limebanwa."

Akaandika reset, skrini ikarudi na akili zake, kisha akanifundisha. Faili la maandishi likizeeka, mashine hulibana ili lisile nafasi. Kulisoma unatumia zcat, inayolikunjua njiani tu. Maneno yanapita machoni pako, lenyewe linabaki vilevile kwenye diski. Likiwa refu unatumia zless, unasoma ukurasa kwa ukurasa. Ukitafuta neno moja, zgrep inakuletea mistari yenye neno hilo, basi. Watu wengi walikuwa wanakimbilia gunzip, ambayo inalifungua faili zima na kulitandaza kwenye diski. Mzee alikuwa anaichukia gunzip kama nzi kwenye chai.

Nilikaa Kinondoni miaka mingi, nikapita mikononi mwa wakuu wanne, mmoja akiwa Msimamizi wa Zamu aliyekuwa hasomi kitu mpaka nimchapie kwenye karatasi. Halafu nikahamishiwa Temeke, ghala kubwa kuliko yote, na huko ndiko yalikonikuta ya Elias.

Elias alikuwa mtunza chumba cha baridi, kijana wa Kigoma mwenye mke na watoto watatu, mtu asiyejua kupaza sauti. Jumapili moja, akiwa zamu peke yake, dawa za sukari ziliharibika. Wakubwa wakasema aliacha mlango wazi. Akasimamishwa, na kikao cha nidhamu kikapangwa baada ya karibu wiki nne, siku ya Ijumaa, saa kumi alasiri. Asubuhi ya siku hiyo alikuja mezani kwangu na shati lililopigwa pasi vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mbona hivyo?"

"Mlango nilifunga mie. Lakini nitamwambia nani?"

Nikamwambia, "Mlango wenyewe umeshasema. Ngoja tukausome."

Hapo mnielewe, wanangu. Seva yetu ilikuwa inaweka logi za wiki nne tu. Kila Jumapili usiku zinasogea: ya kwanza inakuwa ya pili, ya tatu inakuwa ya nne, na ile ya nne inafutwa moja kwa moja. Ya Elias ndiyo ilikuwa ya nne. Ikipita Jumapili iliyokuwa inakuja, hakuna binadamu ambaye angejua ukweli.

Nikaenda kuomba ruhusa ya kulisoma faili hilo. Meneja wa Ufundi, bwana mdogo mwenye shahada mbili na subira nusu, akaja mwenyewe, akaketi kwenye kiti changu.

"Tulifungue lote, tulichape."

"Bosi, diski imejaa. Tulichungulie na zless, inatosha."

"Mama, meneja ni mimi au wewe?"

Akapiga gunzip. Haikuchukua dakika, mashine ikasema hakuna nafasi. Vipimajoto vyote vya ghala vikashindwa kuandika kwa muda, kengele ikaanza kulia huko nje, watu wanakimbia. Bahati nzuri amri ile ikishindwa haigusi faili la asili. Lakini meneja kijasho kilikuwa kinamtoka, na mtu wa namna hiyo ni hatari.

"Basi tupate nafasi kwanza," akasema. "Tufute hili la zamani kabisa, si halina kazi?"

Nikaangalia skrini. Ameshaandika rm, amri ya kufuta, na mbele yake jina la faili la wiki ya nne! Kidole kiko juu ya kitufe. Nikamdaka mkono. Mie, Mwanahawa, nimemshika meneja mkono mbele za watu.

"Hilo ndilo lenyewe!" nikapiga kelele. "Unamfuta mtu huyo!"

Alinikodolea macho. Kisha akasoma tena alichoandika, akakifuta herufi moja moja, akainuka. "Kaa wewe," akasema.

Nikakaa. zless, jina la faili, halafu nikatafuta Jumapili ile. Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, kompresa, yaani mtambo wa ubaridi, ilisimama yenyewe. Mlango: umefungwa. Dakika baada ya dakika joto linapanda, na mlango umefungwa. Saa nne na nusu ndipo ulipofunguliwa, na dakika hiyohiyo wa chumba cha pili nao ukafunguliwa. Elias alikuwa anahamisha dawa! Zilizopona zilipona kwa mikono yake.

Saa kumi niliisoma mistari hiyo mbele ya Mwenyekiti wa Kikao. Elias akasimama, akasema, "Naomba isomwe tena." Nikaisoma tena, safari hii kwa sauti ya kusikika mpaka getini, na aliyeanza kupiga makofi alikuwa Meneja wa Ufundi. Nampa haki yake.

Sasa nimestaafu, niko Kinyerezi, vidole vinauma. Vijana huniuliza kama nilichoka kukodolea maandishi meupe maisha yangu yote. Nilichoka ndiyo, kazi gani haichoshi? Ila niliipenda, na niliijua, na sioni haya kujisifu. Juzi nikiwa nakuna nazi simu ikalia.

"Shikamoo mama, ni Elias. Leo wamenipa ghala zima. Mkuu wa Ghala ni mie."

Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni mpaka jirani akaja mbio kuuliza nani kaolewa.

"Hajaolewa mtu," nikamwambia. "Elias kapewa funguo."