Ufunguo wa Shaibu

Cheka ukitaka, lakini ufunguo ninaousimulia niliushika kwa mkono huu huu. Haikuwa ndoto, wala sikuwa na homa.

Nafanya kazi hapa Birmingham, kwenye mashine kubwa ya kuharakisha chembe za atomu. Iko ndani ya chumba cha zege, na ikiwaka hakai mtu humo, mionzi itammaliza. Kwa hiyo kila fundi anayeingia huchukua ufunguo wake ubaoni. Ufunguo mmoja ukikosekana, mashine haiwaki ng'o.

Msimu huu wa baridi mashine ilituharibikia. Bomba la kupoza sumaku lilikuwa linavuja. Shaibu, Mzanzibari mwenzangu aliyenifundisha kazi, alikuwa hoi hospitalini. Mchana mmoja mkewe akanipigia simu.

"Shemeji, anakuulizia wewe tu. Njoo."

"Nikishakaza bomba hili tu, nakuja," nikamjibu.

Nikalikaza. Bosi akataka tuiwashe mashine hapo hapo, na nisikudanganye, nilitaka sifa. Nikabaki.

Kabla ya kufunga, nikaingia kukagua chumba. Wallahi, Shaibu alikuwa amechuchumaa kando ya sumaku, na ovaroli lake, anapapasa bomba nililolikaza.

"Umelikaza vizuri," akasema. "Haya, twende basi."

Ungefanya nini wewe? Mimi nilitimka, nikaubamiza mlango. Nilimfungia mle, na nilijua ni yeye.

Mashine ikagoma. Kutazama ubaoni, ufunguo wa Shaibu haupo, na tangu augue hakuna aliyeugusa. Tukarudi ndani na bosi, hakuna mtu. Simu ikalia.

"Ameshatangulia, shemeji. Alikuwa anatazama mlango tu."

Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linalonitafuna.

Kesho yake niliitwa kusaidia kumwosha. Kiganja cha kulia kilikuwa kimefumbwa. Nilipokikunjua, ufunguo huu hapa! Nikauficha mfukoni, kisha nikaurudisha ubaoni, bosi nikamwambia niliuokota sakafuni.

Sasa mashine inakwenda vizuri kuliko zamani, nami nasifiwa kila kikao. Naona haya. Kila nikikagua chumba naita, "Shaibu, tutoke," nangoja kidogo, ndipo nafunga taratibu. Bosi hufoka kwamba nachelewesha.

Wewe unayenisikiliza, kama kuna mgonjwa anayekuulizia, weka spana chini uende. Bomba lingesubiri. Mwenzangu alisubiri mpaka akachoka, akanifuata mwenyewe, na mimi nikamfungia mlango.